Siku Tulipoisafisha Chemchemi ya Mama

Nitaanza na kosa langu, maana nikianza na sifa za mama yangu nitazunguka humo humo mpaka karatasi iishe na kosa nisilitaje. Najijua. Nimelikwepa hivyo kwa miaka kadhaa.

Shamba letu liko nje kidogo ya Naro Moru, upande wa mlimani. Mwisho wa shamba kuna bonde dogo, na katika bonde hilo mama alikuwa na chemchemi. Nasema alikuwa nayo kwa sababu aliifufua yeye. Alipoolewa hapo alikuta mikaratusi, ile miti inayofyonza maji, imesimama bonde zima, mali ya baba mkwe, na maji yakitoka kidogo kidogo ya kujaza kikombe. Mzee alipofariki, mama alianza kuikata ile mikaratusi, mmoja leo, mwingine mwaka ujao, huku shemeji zake wakimwita mwendawazimu anayekata hela na kupanda vichaka. Alipanda mikuyu, mikoigo, na miti mingine ya asili ambayo mbegu zake alizitafuta msituni kwa miguu. Miaka ikaenda. Nilipomaliza shule ya upili, kijiji kizima kilikuwa kinateka maji pale, hata miezi ya Januari na Februari ambapo mito yenyewe inabaki mawe.

Alikuwa na masharti yake. Jembe halikuingia bondeni. Ufagio haukuingia. Jani likianguka, limeanguka. Watu waliteka maji chini zaidi, yanapotiririkia, wala hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga pale yanapochipuka. Hata viazi vikuu na nduma, ambazo kila mtu kwetu hupanda penye unyevu, alikataza zisisogee karibu. Kwa hivyo palikuwa pachafu, niseme ukweli. Matete yamelaliana, majani yameoza, matope ya kumeza viatu vya gambuti mpaka gotini, na vyura wanaopiga kelele mchana kutwa utadhani wana kesi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Nyeri. Ndio msingi wa balaa lenyewe. Mwalimu wa kwetu akisikia mgeni anakuja, hawazi, anatafuta chokaa. Tunapaka mawe ya njiani, tunapaka mashina ya miti mpaka kimo cha kiuno, tunapaka chochote kisichokimbia. Tunafyeka, tunafagia mpaka udongo ung'ae. Kwetu mazingira yaliyotunzwa ni mazingira yaliyofagiwa, na nimefundisha hivyo kwa miaka mingi bila haya.

Habari za tuzo nilizipata shuleni, kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa chama cha mazingira. Zilikuwa tuzo za eneo zima la Mlima Kenya, za watu na vikundi vilivyotunza miti, udongo na maji. Kulikuwa na kitengo cha chanzo cha maji. Nilijaza fomu usiku uleule bila kumwuliza mama. Nilipomwambia, alicheka.

"Watanipatia zawadi ya maji?" akasema. "Kwani mimi ndio natoa hiyo maji?"

Mama aliniita maitũ, yaani mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake mzazi, na ndivyo desturi yetu ilivyo. Mimi nilimwita mami. Nikamwambia, mami, wacha watu wajue kazi yako. Nilimwona amefurahi. Shemeji waliomwita mwendawazimu walikuwa bado hai, wawili wao.

Ujumbe ukaja kwamba tumefika mchujo wa mwisho na waamuzi wangetutembelea. Siku hizo mama alikuwa mjini Kutus kwa dada yangu. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na daktari alimkataza moshi na kuinama kwa majuma kadhaa. Dada alimzuia huko kwa nguvu. Kwa hivyo nilibaki mimi na bonde, na wageni walikuwa njiani.

Nilishuka kuliangalia Jumamosi asubuhi. Niliona aibu, ile ya utotoni, marafiki wa shule walipokuja nyumbani. Niliwaza: watu wa ofisi, na viatu vyao, watazama hapa. Watasema hii ndiyo kazi mliyoandika kwenye fomu?

Nikawaita kina mama wa kikundi cha kanisa. Walikuja na panga na mafagio, na nyimbo, kwa sababu walimpenda mama. Nikamwita na fundi mmoja wa mjini. Tulifyeka matete yote. Tulizoa majani yaliyooza, tukayachoma. Fundi alijenga kisima kidogo cha simenti pale maji yanapochipuka, akaweka na paipu. Halafu tulichimba mtaro wa kina kutoka katikati ya matope hadi mtoni, ili maji yashuke, pakauke, wageni wapite. Wazo la mtaro lilikuwa langu. Mama mmoja wa kikundi alisita na jembe mkononi, akaniuliza, "Na mwenyewe anajua?" Nikamjibu kwa sauti ya darasani kwamba anajua.

Jioni tulipaka mawe chokaa. Palipendeza, wallahi palipendeza. Nilipiga picha nikamtumia dada, nikamwambia asimwonyeshe mami, iwe sapraizi.

Waamuzi walikuja watatu, Alhamisi. Walipita pakavu. Waliandika, wakapiga picha miti, wakaifurahia kwa haki, kwa sababu miti haikuwa imefanya kosa lolote. Mmoja wao, mama wa makamo aliyevaa kofia, alisimama kwenye mtaro kwa muda mrefu. Aliniuliza ulichimbwa lini. Nikasema zamani kidogo. Sijui kama aliniamini. Aliandika kitu.

Mama alirudi majuma mawili baadaye, na miwani myeusi. Nilimshika mkono tukashuka pamoja, nikiwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilitaka aone kwa jicho lake jipya. Tulipofika mahali ambapo njia inapinda, alisimama kabla hata hatujaliona bonde.

"Vyura wako wapi?" akaniuliza.

Nikasema tumesafisha kidogo, mami, watarudi. Akashuka. Akavua miwani, ingawa alikatazwa. Aliangalia simenti, akaangalia mawe meupe, kisha akaufuata mtaro hatua kwa hatua mpaka mwisho, kama mtu anayepima kitambaa. Nilisubiri anipigie makelele. Mama yangu alikuwa na mdomo, shemeji zake wanaweza kushuhudia. Lakini alinigeukia akasema tu, "Mlichoka sana." Halafu akaomba jembe, akaanza kurudisha udongo kwenye mtaro kwa mkono wake, na daktari alikuwa amemkataza kuinama. Nilimnyang'anya jembe nikaufukia mimi. Lakini udongo uliokwisha kuchimbwa haukai tena ulivyokuwa, na maji yalikuwa yameshajua njia ya chini.

Tukashinda. Naandika neno hilo na linanichoma. Katika ukumbi wa Nyeri, mama alipanda jukwaani na gauni lake la Krismasi, akapewa cheti kwenye fremu na tangi jeusi la plastiki la kuvunia maji ya mvua. Wakampa na maikrofoni. Alisema, "Asanteni. Muniombee hiyo maji ikae." Watu walipiga makofi wakidhani ni unyenyekevu. Mimi peke yangu nilijua ni ombi. Nilipiga makofi pia.

Kiangazi kilipofika, maji yalipungua. Mwanzoni tulisema ni mvua, mvua imekuwa mbaya kila mahali. Lakini viangazi vibaya zaidi vilikuwa vimepita na chemchemi haikutetereka. Januari paipu ilidondosha. Februari haikudondosha. Watu walikuja na mitungi yao wakasimama, wakarudi. Mama alishuka kila asubuhi akaketi kwenye jiwe mojawapo tulilolipaka chokaa, kisha akapanda kurudi nyumbani. Hakuniuliza kitu. Ningetoa mshahara wa mwaka mzima anitukane mara moja tu.

Mwaka mmoja baada ya tuzo waamuzi walirudi kukagua washindi. Ni utaratibu wao, hakuna aliyetuambia. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Yule mama wa kofia alikuwa miongoni mwao. Waliona simenti kavu, wakaona kovu la mtaro kwenye majani. Mmoja, kijana mwenye daftari, aliuliza bila ukali, "Nani alichimba hapa?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nilikuwa nikisubiriwa ofisi ya elimu kwa ajili ya cheo cha naibu mwalimu mkuu, na msimamizi wa mazingira aliyekausha chemchemi ya kijiji si habari ya kubeba kwenye mahojiano. Hilo lilinipitia kichwani kwa muda wa kupepesa jicho. Huo ndio muda alioutumia mama.

"Ni mimi nilichimba," akasema. "Na nikafagia. Ati nilikuwa nataka pakae pasafi mkikuja. Mimi sikusoma."

Yeye. Yeye aliyekataza ufagio miaka thelathini. Alisema hivyo mbele ya kina mama wawili wa kikundi waliokuwa wametusindikiza, nao waliinamisha vichwa, hakuna aliyempinga. Kijana aliandika. Mama wa kofia aliniangalia mimi, si yeye, kisha akaangalia miti.

Walipoondoka nililia jikoni. Mama alikuwa akimenya viazi. Alisema kwa Kikuyu, taratibu, bila kuinua kichwa: "Wewe una kazi ya watu, maitũ. Mimi watanifukuza wapi?"

Nilipata cheo. Mama alifariki mwaka huo mwezi wa nane, kifua. Kwenye mazishi nilisoma wasifu wake na nilipofika kwenye tuzo niliisoma haraka, nikageuza ukurasa. Wale kina mama wa kikundi waliimba vizuri sana siku hiyo. Hawajawahi kunitajia jambo hilo hata leo, na adabu yao ni mzigo wangu.

Majuzi tulikuwa na semina ya walimu wa mazingira, Nanyuki. Mkufunzi alikuwa mzuri, kijana mchangamfu, anajua kazi yake. Alifika kwenye mada ya vyanzo vya maji, akaweka picha ukutani. Lilikuwa bonde letu, mawe yetu meupe. Hakutaja jina, alisema tu: kulikuwa na mama mmoja huku Naro Moru, alipata tuzo kabisa, lakini kwa kutojua akafyeka na kuchimba mtaro ili pawe pasafi, akaiua chemchemi yake kwa mkono wake mwenyewe. Walimu wakatikisa vichwa. Mmoja nyuma yangu akasema, "Hawa wazee wetu wanahitaji kufundishwa." Watu wakacheka kidogo, bila ubaya.

Mimi nilikuwa nimechaguliwa asubuhi hiyo kuwa katibu wa kuandika kumbukumbu za semina. Niliandika kila kitu kama kilivyosemwa, kwa mwandiko safi, halafu wakaniomba niwasomee wote kabla ya kufunga, na nikasoma.