Chupa Moja ya Nectario

Nectario Uzcátegui alikuwa mfagiaji wa makumbusho ya wanyama ya chuo kimoja cha Mérida, huko juu milimani. Kwa miaka thelathini alifagia chini ya rafu, na kwa kufagia akajifunza. Konokono na pweza hapa, buibui, kaa na jongoo pale, ruba na nyungunyungu karibu na dirisha. Wote hawana uti wa mgongo, lakini Profesa Briceida alizoea kusema, "Kukosa kitu si udugu, Nectario."

Rafu ya mwisho ilikuwa na kichupa kimoja tu. Ndani yake, katika spiriti ya kuhifadhia, alilala mnyama laini kama mahameli, urefu wa kidole, mwenye vijiguu vinene safu mbili. Si mnyoo, si jongoo, si mdudu. Ukoo wake ni wake peke yake. Jina la spishi yake lilitolewa kwa mwili ule mmoja. Akikauka, jina litabaki bila mwenyewe.

Profesa alihamia Chile, na wenzake wa makumbusho wakamfuata mmoja mmoja. Siku ya kuondoka alimshika Nectario mkono. "Spiriti isishuke," akasema.

Ikashuka. Barua za kuomba nyingine zilikwenda serikalini, majibu yakaja: subirini. Waliosema subirini hawajamwona buibui akikauka. Miguu hujikunja, rangi hutoroka, ukimgusa unabaki na unga vidoleni. Hivyo ndivyo nchi inavyofilisika, na bendera bado inapepea!

Jumamosi moja Nectario alipanda hadi kwa Bibi Eduvigis, aliyetengeneza pombe kali ya miwa iitwayo miche, nyuma ya jiko lake.

"Nataka ile ya kwanza kutoka mtamboni."

"Ile? Mzee Nectario, ile tunachulia magoti! Ukinywa unapofuka."

"Sinywi mimi."

"Anakunywa nani basi, na kwako hata paka kahama?"

"Minyoo. Na buibui."

Bibi Eduvigis alicheka mpaka akashika ukuta. "Makubwa! Siku hizi hata minyoo inalewa, na mimi mwenyewe nashindia maji!" Kisha akajifuta macho. "Sukari ya kupikia haipatikani, mwenzangu. Nina lita mbili tu. Umenibebea nini?"

Nectario akaweka mbele yake redio yake mwenyewe, ile iliyomsemesha akifagia kila asubuhi.

Kicheko kikakatika. "Na wewe utasikiliza nini?"

"Ufagio."

Lita mbili hazikutosha hata rafu moja. Alizunguka na taa mpaka akakubali: atachagua vile vichupa vidogo ambavyo majina yalivitegemea, sitini kasoro kimoja. Akajaza kila kimoja, akaziba kwa pamba, akakipindua kichwa chini ndani ya chupa moja kubwa na kumwagia pombe iliyosalia, ili vyote vioge pamoja na visikauke. Kila mnyama alikuwa na karatasi yake ndani ya kichupa, imeandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka.

Alipofika kwa yule wa mahameli, alisita. Kuchanganya rafu ilikuwa dhambi. Profesa aliwahi kumfukuza mwanafunzi maabara kwa kosa hilo. Nectario alikitazama kichupa kile kilivyokaa kwenye ubao mtupu miaka yote, kisha akakipindua katikati ya ruba na buibui. Pombe ikapanda ikawafunika, ikazidi kwa unene wa kidole.

Akaandika kwenye simu: "Profesa, nimewachanganya. Lakini hakuna aliyepoteza jina." Alingoja. Wingu lilishuka mlimani likaziba dirisha kabla ya jibu kufika.

Akaibeba chupa hadi juu ya meza ya makumbusho, pale redio yake ilipozoea kukaa. Mwanga huwachujua rangi, kwa hiyo alivua blanketi lake la sufi mabegani, akaifunika vizuri. Kisha akachukua ufagio, akaanza upande wa dirishani, akitetemeka kidogo kwa baridi.