Kitambaa cha Kufutia Nyota

Habari ya kwamba biriani ya harusi ya Lamis itapikwa na mtu mwingine ilimkuta Bi Mwanarusi akipepeta mchele. Hakuuliza mpishi ni nani. Aliweka ungo chini, akauliza ni nani aliyeifunika nyota yake.

Maana Mishomoroni nzima yajua kuwa harusi isiyopikwa na Bi Mwanarusi ni mkutano tu. Alimpikia nyanyake Lamis, akampikia Zubeida, mamake Lamis, na zile sufuria zake kubwa hukaa uani zimepinduliwa kama kasa waliolala. Leo aachwe hivi hivi? Ni kweli, harusi iliyopita alimpiga shangazi wa bwana harusi mwiko wa vidole, kwa kuonja chungu bila ruhusa. Lakini hiyo ilikuwa haki, na vidole vilipona.

Akaenda kwa mtazamia falaki. Mtazamia akafungua kitabu, akasema, "Nyota yako i hai, Bi Mwanarusi. Ila ina vumbi."

"Vumbi kiasi gani?"

"Hayo hayapimwi."

Bi Mwanarusi akanyanyuka. Mtu asiyejua kiasi hafai kitu, hata awe na kitabu kinene vipi. Hilo vumbi atalitafuta mwenyewe kwa macho yake.

Na wiki hiyohiyo Mwalimu Eddah, anayefundisha sayansi shule ya jirani, alikuwa ametundika picha za nyota katika ukumbi wa mtaa. Picha kubwa za turubai, zilizopigwa na darubini iliyopelekwa huko juu angani, na kila mtu amekaribishwa kutazama. Bi Mwanarusi akavaa buibui lake la kwendea harusini, akalowesha kitambaa cha jikoni, akenda.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwalimu Eddah mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Yangu ni ipi?"

"Yako nini, bibi?"

"Nyota."

Mwalimu Eddah, mtoto wa Kigiriama aliyelelewa akaleleka, hakucheka. Alisema nyota ni nyingi mno, nazo hazina wenyewe.

"Ndiyo maana watu wazichezea," alisema Bi Mwanarusi, akaanza kuzikagua moja moja kama anayechagua nyama buchani. Picha ya kwanza ilikuwa kundi la nyota lisilohesabika, limejizungusha kama tui kwenye sufuria. "Hili limekatika," akasema, akapita. Ya pili ilikuwa mawingu mekundu na ya manjano. "Hapa rangi imetiwa na mtu asiyejua biriani." Ya tatu ilikuwa wingu zito la kahawia, na katikati yake kijinyota kinang'aa kwa taabu, kama taa nyuma ya pazia.

Akasimama. "Na hii?"

"Hiyo ni nyota changa, bibi. Ndiyo kwanza yazaliwa, imezungukwa na vumbi."

"Vumbi."

"Naam. Vumbi jingi sana."

"Basi si changa. Ni yangu." Na kabla mwalimu hajafungua kinywa, Bi Mwanarusi alikwisha kuifuta.

Kitambaa kikatoka cheusi. Ukumbi ule uko kando ya njia ya malori yanayobeba mawe kutoka Mwakirunge, madirisha yake hayana vioo, na picha zilikuwa pale tangu Jumatatu. Kijinyota kikatokeza kinawaka kama jicho la samaki aliyevuliwa sasa hivi. Watu waliokuwamo ukumbini wakasogea.

"Ni vumbi la malori, jamani," alisema Mwalimu Eddah. "Ni la hapa chini."

"Vumbi ni vumbi, mwalimu," akajibu mzee mmoja, akavua kofia. "Na yangu, Bi Mwanarusi."

Wakapanga mstari. Bi Mwanarusi akaketi kwenye kiti cha mwalimu, na kila mtu akawa anaonyesha nyota yake kwa kidole. Muuza madafu akaonyesha kundi zima, akaambiwa aache tamaa. Mwalimu Eddah alieleza mpaka sauti ikamkauka, kisha akenda kuleta ndoo ya maji safi, maana kitambaa kilikuwa tope.

Mwisho wa mstari alikuwa Zubeida, amejifunika mtandio mpaka machoni.

"Nifutie ya Lamis," alinong'ona. "Harusi ni Jumamosi, nami nina wasiwasi. Mwanamume mwenyewe mpole kupita kiasi."

"Nani yuwapika?"

"Bi Mwanarusi, wewe wajua yaliyopita..."

"Nani yuwapika, Zubeida?"

"Kaviha. Yule wa Bofu."

"Basi Kaviha aje na kitambaa chake."

Zubeida akaitazama nyota aliyoichagua, ndogo, pembeni kabisa, kijivu kwa vumbi. Nyuma yake watu wakaanza kunong'ona kwamba mtoto hatolewi nyumbani na nyota chafu.

"Pika wewe," alisema. "Lakini nitaonja. Na mwiko utauweka mbali."

Bi Mwanarusi akakikamua kitambaa. Tangu aanze kupika hajamruhusu mtu kuonja. Hata marehemu mumewe alingoja apakuliwe.

"Kijiko kimoja," alisema.

"Kimoja."

Akaifuta nyota ya Lamis mbele, akaligeuza turubai, akaifuta na nyuma.

Jumamosi mchana, uani kwa Zubeida, kuni zilikuwa zimeshika na harufu ya iliki imefika barabarani. Zubeida akaja na kijiko chake. Bi Mwanarusi akafunua sufuria mwenyewe, akageuza uso ukutani kama mtu anayedungwa sindano.

"Chumvi kidogo," alisema Zubeida.

Wanawake waliokuwa wakikata vitunguu wakasimamisha visu, wakingoja mwiko. Bi Mwanarusi akatazama juu. Jua lilikuwa utosini, mbingu nyeupe pe, hapana nyota hata moja ya kushuhudia.

Akachota chumvi, akatia. Kisha akampokonya kijiko.