Soli Mbili za Karatasi

Mjomba wangu alikuwa fundi viatu, na kabla hajakutazama usoni alikutazama visigino. Mtaani walimwita Kisigino, na jina hilo lilimkaa hata sisi wa nyumbani tukalizoea. Kibanda chake kilikuwa chumba cha mlango mmoja ubavuni mwa ghala la nafaka, kikinuka gundi, ngozi na nta. Mpaka leo nikipita mahali wanapobandika soli, pua inafika pale kabla ya akili.

Alinichukua mama alipofariki, nikiwa darasa la sita. Shule iliishia hapo, lakini kigoda cha dirishani kilikuwa changu. Nilipaka uzi nta, naye akashona, na nikasikiliza ugomvi wake na wateja.

Ugomvi ulikuwa uleule kila siku. Mtu analeta sendo iliyokatika kamba. Mjomba anaigeuza, anaibonyeza kwa dole gumba.

"Kamba ni kazi ndogo, dada. Lakini soli hii inaaga."

"Nimekuletea kamba. Soli nani kakuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza. Ila nimeiona, na nikishaiona siwezi kuinyamazia."

Wengine walicheka. Wengine walisonya wakanyakua kiatu chao. Baada ya wiki mbili ungewaona wanarudi wanachechemea, na Mjomba hakuwakumbusha neno lake hata mara moja. Alisogeza tu benchi wakae.

Ukutani, kwenye misumari, zilining'inia soli za karatasi, vipimo vya viatu vya ukoo mzima. Mtoto alisimamishwa juu ya karatasi ngumu, Mjomba akapitisha penseli kuzunguka mguu huku mtoto akicheka kwa kutekenywa, kisha akakata kwa mkasi wa ngozi. Alikata soli za miguu yote miwili, kwa sababu, alisema, hakuna binadamu mwenye miguu pacha. Kwa hiyo karatasi ngumu haikutupwa kwetu. Maboksi ya sabuni, kalenda za mwaka jana, majalada ya madaftari, vyote vilikwenda kibandani.

Nilipokuwa mama wa watoto wanne, Mjomba alinibandika jina la Mama Angalia. Sikulikataa. Mimi ni mtu wa kusema angalia ngazi, angalia moto, angalia huyo mtoto anakohoaje. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kusikia nyundo yake ikibadilika. Ilikuwa inapiga mara tatu, halafu kimya. Nikichungulia namkuta ameweka kiganja kifuani.

"Gesi tu," alisema.

"Gesi ya wiki tatu, Mjomba?"

Nilimpeleka hospitali. Walitaka picha ya moyo. Akalazwa kwenye kitanda chembamba kilichoingia ndani ya mashine ya duara kama pete kubwa, nami nikabaki nje nimeshika viatu vyake, roho juu juu. Jioni daktari alituita.

"Moyo wa mzee ni mzima kabisa. Maumivu ni ya misuli, anainama mno. Ripoti kamili mtaichukua wiki ijayo pale dirishani."

Nililia kwa furaha mbele za watu. Mjomba alitazama visigino vya daktari, akamwambia anaegemea kulia.

Wiki iliyofuata, nikitoka sokoni, niliichukua bahasha dirishani. Sikuifungua. Ya nini, na habari nilishapewa? Niliibeba kwapani hadi kibandani. Mjomba akachomoa karatasi iliyokuwa ndani, akaikunja pembe kidogo, akaiachia, ikanyooka yenyewe.

"Hii ndiyo karatasi," akasema. "Hailegei hata kwa jasho."

"Basi mkatie kitinda mimba wangu," nikamwambia. "Shule inafunguliwa."

Mimi ndiye niliyesema. Kitinda mimba akapanda juu ya karatasi, akacheka, mkasi ukapita. Vipande vilivyobaki vilifagiliwa pamoja na vya ngozi.

Ikapita miezi kumi na moja. Viatu vya mtoto vilianza kumbana, nikampeleka apimwe upya. Mjomba alishusha soli zake ukutani, kwani alipenda kuona mguu umeongezeka kiasi gani. Akazilaza mezani, na safari hii upande wa maandishi ukawa juu. Muda wote zilipokuwa zimening'inia, maandishi yalikuwa yametazama ukuta.

Mimi husoma polepole, lakini husoma kila kitu. Nilianza na soli moja, sentensi ikaishia ukingoni. Nikaisogeza nyingine pembeni yake, maneno hayakukutana. Nikazibadilisha, ya kushoto ikakaa kulia, na mistari ikafuatana, ila maneno machache ya katikati yalikuwa yameondoka na mkasi. Moyo hauna tatizo, iliandikwa. Halafu: pafu la kulia, kinundu, milimita sita. Na karibu na kisigino: picha irudiwe baada ya miezi mitatu.

Nilihesabu miezi kwa vidole, nikahesabu tena.

"Mjomba, acha penseli."

Nilimsomea. Alisikiliza akiwa ameshika mguu wa mtoto, kisha akaendelea kuchora.

"Mimi nilipeleka moyo," akasema. "Pafu nani kawauliza?"

Sikujua nicheke au nimpige na kiatu.

"Hakuna aliyewauliza, Mjomba. Ila wameliona."

Penseli ikasimama. Mtoto akatutazama mmoja mmoja. Mjomba akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, kicheko cha mtu aliyenaswa na mtego wake mwenyewe. Alipomaliza alijifuta macho, akavua aproni ya ngozi, akaitundika kwenye msumari uliokuwa na soli za mtoto.

"Haya, Mama Angalia. Nipeleke basi."

Daktari wa safari ile alikuwa mama wa makamo kama mimi. Alizitazama soli zangu mbili za karatasi, akazipanga mezani, akasoma. Hakucheka. Alisema vinundu vingi vinavyoonekana hivi, kwa bahati, wakati watu wanatafuta kitu kingine, huwa ni makovu tu yasiyo na neno, na ndiyo maana madaktari husubiri na kupiga picha tena, wajue kama vinakua. Picha mpya ilionyesha cha Mjomba kimekua. Milimita kumi.

Kilikatwa. Ilikuwa saratani, ila bado changa, haijatoka mahali pake. Siku ya kuruhusiwa nilimvizia daktari koridoni.

"Ile miezi niliyopoteza, mama. Ingekuwaje tungekuja kwa wakati?"

Alifikiri kwanza. "Labda ingekuwa hivihivi. Labda tungekata sehemu ndogo kuliko hiyo. Siwezi kukudanganya kwamba najua."

Nilimshukuru kwa kutonidanganya, lakini usingizi haukuja kwa siku nyingi. Mtu wa kuona kila kitu, na hicho nilikibeba kwapani mwenyewe.

Mjomba alirudi kibandani na pumzi fupi na sheria mpya. Karatasi yoyote ikiingia, alininyooshea.

"Soma kwanza, ndipo nikate."

"Hili ni boksi la sabuni, Mjomba."

"Una hakika? Geuza."

Wateja nao wakajua. Mtu akiambiwa soli yake inaaga na akataka kusonya, benchi zima lilimjibu kabla ya Mjomba: "Msikilize, mwenzio aliponea kwenye soli!"

Kila mwaka tulirudi kwa picha, na kila mwaka nilishika viatu vyake nje ya mlango ule. Mwaka wa tano daktari alisema basi, hakuna haja ya kurudi tena. Tulipochukua karatasi ya mwisho, Mjomba alinifanya niisome pande zote mbili, mara mbili, kwa sauti, hata tarehe na mhuri. Tulipofika kibandani akaiweka sakafuni.

"Vua viatu."

"Mimi?"

"Miaka yote unaleta watoto. Wewe huna mguu kwenye ukuta huu."

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na nne, na penseli ilipopita chini ya kidole gumba nilicheka kama nimerudi darasa la sita.

Aliishi miaka minne zaidi. Uzee ulimchukua, taratibu, na ule moyo mzima ulikuwa wa mwisho kukubali. Kibandani sasa wanachaji simu. Misumari bado ipo ukutani, wametundika nyaya.

Soli za kitinda mimba nimezitunza kabatini. Yeye mwenyewe ni mwanaume sasa, na ile ya kushoto haifiki hata vidole vya mguu wake. Viatu vya kahawia alivyonishonea kwa kipimo changu ninavivaa bado. Juzi nilivigeuza nikivipaka rangi. Kisigino cha kushoto kimeanza kulika upande wa nje.

Hakuna aliyeniuliza, ila nimekiona. Kesho nakipeleka kwa fundi.