Magunia ya Mpunga Sebuleni Kwetu

Nianze na ujinga wangu, usipate shida ya kuutafuta: nilimwambia afisa ustawi wa jamii kwamba sisi ni matajiri.

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu. (Nipo kidato cha tatu, lakini nakuita mwanangu. Kama hupendi, kanishitaki kwa mwalimu wa zamu.) Afisa, mama wa makamo, alikuja kwetu Ubaruku kuangalia kama bibi anastahili msamaha wa matibabu, apasuliwe mtoto wa jicho bure. Mama alikuwa shambani. Bibi alikuwa chumbani, anapapasa ukuta kutafuta mlango. Mimi nikajifanya mwenye nyumba.

"Magunia yote haya ya nani?"

Sebule ilijaa mpunga mpaka dirishani.

"Yetu, mama. Hapa unaongea na bosi mwenyewe."

Akacheka, akaandika.

Baadaye mtendaji wa kijiji akaleta jibu: kaya inajiweza, bibi alipiwe na familia. Mama hakunipiga. Alikaa chini tu, na hapo ndipo nilipotamani fimbo.

Kwetu, mwanangu, mwenye sakafu ya saruji ndiye ghala la ukoo. Ukivuna unampelekea mpunga wako usiloe, na mdomo wa gunia unaushona kwa uzi wa rangi yako. Mjomba nyekundu, mama mkubwa bluu, jirani njano. Sisi nyeupe: magunia mawili, moja la mbegu.

Mama akamwomba afisa arudi, akawaita na wenye mpunga. Kila mtu akasimama penye magunia yake kama wanafunzi mstarini.

"Kumbe!" afisa akasema. "Sasa ukipata njaa, hapa huchukui?"

"Nikiomba napewa," mama akajibu. "Na wao wakifiwa, hata hili langu tunalifungua. Ila kuuza la mtu nikatibu jicho, hapana."

Afisa akafuta alichoandika, akaandika bibi apewe msamaha, kisha akanigeukia. "Bosi, uzi wako wewe rangi gani?"

Walicheka mpaka bibi akauliza kuna nini.

Kwa hiyo, mwanangu, ukija kuwa afisa, usiishie kuuliza mali ni ya nani. Uliza nani ana ruhusa ya kuitoa, na kwa shida gani. Na ukiulizwa wewe, usijibu kwa sifa.

Wageni walipoondoka, mama akaniambia: "Bibi yako akipona macho, cha kwanza atakachokiona ni huo mdomo wako. Mungu akukuze, baba, na akili ikufuate. Sasa shika sindano, gunia la mjomba wako limefumuka."