Mama Mkwe Kwenye Kitanda cha Kupimia

Miaka michache iliyopita, wauguzi wa zahanati za pembezoni tuliitwa Bunda kwenye mafunzo ambayo jina lake lilikuwa neno refu la Kizungu, na hakuna aliyeweza kulitamka bila kujiuma ulimi. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mstaafu, aliyefundisha wauguzi miaka mingi kabla ya kurudi kwao Butiama kulima. Asubuhi ileile alilifuta lile neno ubaoni, akasema maana yake ni kujitazama unavyofikiri wakati unafikiri. Mwenzangu akaninong'oneza kwamba kufikiri kwenyewe hatuna nafasi nako, sasa huku kujitazama tutakufanya saa ngapi. Nilicheka hadi nikaombwa nitoke nje nikanywe maji.

Mimi ni mtu wa Guta. Nimekulia kwenye pamba na ng'ombe, na nyumbani kwetu mvulana wa kusitasita hakukabidhiwa mifugo. Kwa hiyo nilijivunia kuwa muuguzi wa kuamua haraka, na sikuona mama huyu angeniongezea nini.

Yeye hakuwa na shida na majina ya magonjwa. Alitupa habari za mgonjwa, sisi tukapigana vikumbo kutaja malaria, taifodi, yutiai, naye akangoja tumalize. Kisha akauliza, "Umejuaje?" Ukishajibu, alileta swali lililonikera kuliko yote: "Na ulipopata hilo jibu, ulijisikiaje?" Nilimjibu kwa jeuri kidogo kwamba nilisikia nafuu.

"Nafuu ya nani?" akauliza. "Ya mgonjwa au ya kwako?"

Alitufundisha kwamba muuguzi akijikuta amefurahi mno kupata jibu, asimame kidogo, ajiulize alikuwa anakimbia nini. Niliyaona ni maneno ya mtu asiye na foleni mlangoni. Nikarudi kazini, zahanati ndogo ya upande wa Bukima, karibu na ziwa, nikaendelea na foleni yangu.

Huko Bukima ndiko nilikooa. Mama mkwe wangu ni mjane anayeanika dagaa, mwanamke mrefu, mkimya, wa kwaya ya kanisani. Desturi ya kwao na ya kwetu haigombani katika jambo hili: mkwe wa kiume hamshiki mkono mama mkwe, hakai naye chumba kimoja, na mwili wake hatakiwi kuujua kabisa. Miaka yote ya ndoa yangu tulisalimiana kwa mbali, yeye akiangalia pembeni na mimi nikiangalia chini, na tulipendana sana kwa mtindo huohuo.

Sasa siku moja, tabibu wetu yuko kwenye kikao Musoma na muuguzi mwenzangu ameenda kuchanja watoto kijiji cha pili, bodaboda ikasimama mlangoni. Mke wangu alikuwa amemshikilia mama yake kwa nyuma ili asidondoke. Mama alikuwa anatapika tangu jana yake, tumbo linamkata, na mwili una joto kidogo.

Nilimpisha chumba, nikasimama mlangoni, nikawa namuuliza mke wangu, naye anamuuliza mama yake hatua chache kutoka kwangu. Damu ya kipimo nilimwelekeza mke wangu namna ya kuitoa kidoleni. Mistari miwili ikatokea. Malaria.

Nilifurahi. Siyo kidogo, nilisikia mabega yameshuka, nikashika kalamu kuandika dawa ya mseto na sindano ya kuzuia kutapika, na tayari nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia mke wangu amrudishe mama akapumzike. Hapo ndipo nilipolisikia lile swali la Bunda, kwa sauti ileile ya kukera. Nafuu ya nani?

Nilibaki na kalamu mkononi. Jibu lilikuwa rahisi na la aibu: nilitaka iwe malaria kwa sababu malaria haivui mtu nguo. Kipimo hakikuwa kimedanganya, lakini kandokando ya ziwa watu wazima wengi wanatembea na vijidudu hivyo bila kuumwa. Na kwa mgonjwa mwingine anayetapika huku tumbo linamkata, ningekuwa nimeshalishika hilo tumbo zamani.

Nilimwomba mke wangu amwangalie mama yake nyuma ya pazia, tumboni hadi panapoanzia mapaja, aniambie anachoona. Nilisikia kitenge kikivutwa huku na huku. Mke wangu akatoka amenuna. "Amekataa. Anasema mtoto hamvuagi mzazi wake nguo."

Basi nikaingia. Sijawahi kuogopa chumba kile kama siku ile. Nilisimama nimeutazama ukuta, nikasema, "Mama, nimekuja kama muuguzi. Naomba ruhusa nikushike tumbo. Ukikataa, natafuta gari sasa hivi upelekwe Musoma, wakakushike wengine."

Aligugumia kwa maumivu. Kisha akasema, "Baba, mimi nimechoka. Fanya kazi yako. Ila usiniangalie usoni."

Akachukua ncha ya kitenge, akajifunika uso mwenyewe. Tumbo lilikuwa limejaa na kuvimba. Chini, kwenye kinena, niligusa uvimbe mgumu wa ukubwa wa limao dogo, na nilipougusa alipiga kelele ambayo sijaisahau. Nilimuuliza uvimbe ule una muda gani.

"Kanakuwaga hapo siku zote," akajibu chini ya kitenge. "Nakasukumaga kanaingia. Jana kamekataa."

Ilikuwa ngiri, ugonjwa ambao kwetu unahesabiwa kuwa wa wanaume. Kipande cha utumbo kilikuwa kimenaswa, na kikikaa huko kinakufa, na mwenye nacho anakufa nacho. Nilimwekea dripu, nikapiga simu Musoma, gari likaja. Mke wangu akaondoka naye. Mimi nilibaki na wagonjwa wangu, nikimuuliza kila mmoja jambo lilelile mara mbili kwa sababu nilikuwa sisikii majibu.

Jioni mke wangu alipiga simu. Mama amefanyiwa upasuaji, utumbo umekutwa umeanza kubadilika rangi lakini umerudi kwenye rangi yake. Daktari amesema angelala nyumbani usiku ule asingeamka. Mke wangu alilia kwenye simu, na mimi nililia huku nyuma ya tanki la maji la zahanati.

Mama aliporuhusiwa nilienda Butiama kumshukuru mwalimu. Nilimkuta shambani anapalilia mihogo. Nilimsimulia yote, na nilitegemea sifa, sitaficha. Aliegemea jembe, akafurahi kwanza kwa ajili ya mama, akaniambia pole na hongera. Halafu akauliza, "Na asingekuwa mkwe wako? Angekuwa bibi yeyote anayeanika dagaa pale mwaloni, ungeshtuka?"

Nilimwambia ukweli kwamba sijui. Yule niliyemwogopa ndiye aliyenifanya nijione, na wapo mabibi wengi nisiowaogopa. Hakunisuta. Alinichimbia mihogo ya kupeleka nyumbani, akasema kutojua huko nikubebe hivyohivyo kila siku. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa mafunzo yote ya Bunda.

Na mama mkwe wangu ni mzima. Sisi wawili hatujalizungumza jambo lile hata mara moja. Tunasalimiana kwa mbali, anaangalia pembeni, naangalia chini.

Ila wiki chache baada ya yeye kurudi kwenye dagaa zake, nilifika kazini asubuhi nikawakuta mabibi wawili wamekaa benchi la mbele, wamevaa vitenge vya kanisani. Niliwajua kwa sura, ni waanika dagaa. Nikawakaribisha chumbani, nikavuta stuli, nikauliza wanasumbuliwa na nini. Walitazamana. Mkubwa wao akasema, "Mama mkwe wako ametutuma. Na sisi tuna kale kavimbe, tunakafichaga. Amesema tuje kwako tu, wewe unaombaga ruhusa kwanza."

Niliwageuzia mgongo kidogo, nikajifanya natafuta glavu. Kisha nikanawa mikono, nikamwomba bibi wa kwanza ruhusa.