Mwenyekiti Alivyopanda kwa Niaba Yangu

Mwenyekiti wa kijiji chetu ananipenda sana siku ya mgao. Siku nyingine akipita mbele ya nyumba yetu hunisalimia kwa mbali, kama mtu anayesalimia mti. Lakini siku ya mgao, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kusafisha koo, yuko mlangoni, amevaa koti, ameshika vishikio vya kigari changu, anauliza kwa sauti laini kama ya siku ya ubatizo: "Dada, tuko tayari?"

Kigari ni kiti changu cha magurudumu. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, siku ya kugawa chakula, walemavu na wazee hawasimami kwenye mstari mrefu; wanapitishwa mbele, pamoja na msindikizaji wao. Hayo maneno "pamoja na msindikizaji" yamenipa ndugu kuliko ukoo wangu wote ulivyoweza kunizalia kule Kivu, Kongo. Kuna siku nilifika na wasindikizaji watatu: mmoja ameshika kishikio cha kulia, mwingine cha kushoto, wa tatu ameshika shali yangu. Mwenyekiti akaona ni fujo, akachukua kazi yote yeye mwenyewe. Ndiyo uongozi huo.

Pia ananiwakilisha. Mashirika yakiita mkutano wa watu wenye ulemavu, wenye soda na biskuti, mwenyekiti anakwenda kwa niaba yetu, kwa kuwa ukumbi una ngazi. Anarudi jioni anapangusa mdomo, anatuambia: "Nimebawakilisha muzuri." Hatujawahi kujua tulisema nini huko, lakini inaonekana tulikula vizuri.

Likizo iliyopita shirika moja likatangaza kwamba litatupeleka Mbarara, kwenye uwanja wa michezo ya mashine. Watoto walemavu wa Nakivale, kila mmoja na msindikizaji wake, siku nzima, bure. Nikajua palepale ninachokwenda kufanya.

Msichana mmoja darasani kwetu alikuwa amenionyesha kwenye simu magari ya kugongana ya uwanja huo. Ni vigari vidogo vyenye mpira kiunoni, vinazunguka juu ya sakafu ya chuma, na sheria yake ni moja tu: mgonge mwenzako. Nikamwambia arudie ile video mpaka simu ikazimika. Mimi tangu nizaliwe nasukumwa. Anayenisukuma ndiye anayeamua tupite wapi, tusimame na nani, tumsengenye nani. Na nikimkanyaga mtu kidole kwa gurudumu langu, hata nikifanya makusudi (nimefanya sana, hasa kwa mwalimu wa hesabu), yeye ndiye anayeniambia pole. Nilitaka usukani. Nilitaka nimgonge mtu kwa haki, mbele ya watu, naye aumie roho kama mtu anayegongwa na adui mzima.

Mama ndiye aliyepaswa kunisindikiza. Alishafua kitenge chake kizuri, kimeanikwa uani, mwenyekiti akaingia.

"Mama, kule Mbarara kuna batu bakubwa. Inaomba mutu mwenye anajua kusema. Nitaenda na mutoto miye mwenyewe."

Mama akaangalia kitenge, akaniangalia mimi. Alikuwa bado anamwomba huyo huyo mwenyekiti atusaidie tuongezewe shamba, na mtu mwenye ombi la shamba hagombani kwa sababu ya bembea. "Wende naye," akaniambia tulipobaki wawili. "Ila akikusahau fasi, piga kelele. Sauti unayo mingi."

Tukaenda. Vigari vyetu vilifungwa juu ya basi kwa kamba, vikaona Kakiika na mji wote wa Mbarara vizuri kuliko sisi tuliokuwa ndani tumebanwa na wasindikizaji. Pale getini tulipewa fulana za kijani zilizoandikwa kifuani kwamba tunaweza. Mwenyekiti akadai ya kwake, akaivaa juu ya koti, kofia yake bado kichwani. Tukafungwa na bangili za karatasi mkononi, yangu na yake sawasawa. Mama wa shirika, mwenye kamera shingoni, akatuambia kwa furaha ya kweli kwamba leo ni siku yetu, na uwanja huu umejengwa kwa kutufikiria.

Ni kweli walitufikiria. Kulikuwa na njia nzuri ya saruji, haina ngazi, imechorwa kigari cha bluu, inakupeleka polepole mpaka kwenye choo cha walemavu. Choo kilikuwa na kufuli. Mwenye ufunguo alikuwa ameenda Bwizibwera kuchukua maziwa. Kupitia dirishani niliona ndani kreti za soda zimepangwa hadi juu, zimetulia. Nazo, hata hivyo, hazina miguu.

Tukaanza na lile gurudumu kubwa linaloinua watu hewani. Mstari ulikuwa mrefu, wanafunzi wa shule za Mbarara wamejaa na masweta yao, lakini kigari ni kigari: tukapitishwa mbele, mwenyekiti anasema "samahani, samahani, mgonjwa". Mbele pale kulikuwa na ubao wa picha. Mama mjamzito, amekatwa kwa mstari mwekundu. Moyo, umekatwa. Halafu mimi. Nilichorwa vizuri kabisa, hata mgongo umenyooka kuliko wangu, na mstari mwekundu umenipita kutoka begani hadi gurudumuni.

"Huyu hapana," akasema mwenye mashine. "Lakini msindikizaji iko na bangili. Msindikizaji ingia."

Nilidhani mwenyekiti atakataa. Najua, nilikuwa bado mdogo kwa mawazo asubuhi ile. Aliniinamia akanishika bega. "Usihuzunike, dada. Nitakuwakilisha."

Akapanda. Akazungushwa. Kila akipita juu alinipungia mkono kama askofu. Aliposhuka nikamuuliza: "Papa mwenyekiti, nimeona nini?"

"Weh! Umeona mbali, dada. Umeona Nyamityobora yote, hata manguo ya batu kwenye kamba."

"Na nilisikiaje?"

"Ulisikia upepo muzuri."

"Niliogopa?"

Akafikiri, maana ni mtu wa kweli. "Kidogo. Pale juu kabisa."

Basi ikawa hivyo. Wasindikizaji wote waligundua siri ileile kwa wakati mmoja. Kila mmoja alimsukuma mlemavu wake hadi mbele ya mstari, akamwegesha, akapanda, akashuka, akamsukuma kwenye mashine inayofuata. Kati ya mashine na mashine sisi wenye siku yetu tuliwekwa chini ya hema tulinde viatu na mikoba. Mama wa shirika akaja kutupiga picha. "Chekeni!" akasema, nasi tukacheka, kwa kuwa kwa mbali nyuma yake shangazi wa mtu alikuwa kwenye farasi wa plastiki anazunguka huku anaomba ateremshwe.

Upepo nilimwachia mwenyekiti. Farasi nilimwachia. Hata ile meli inayoning'inia nilimwachia, na alirudi kutoka huko na rangi ya majivu, akaniambia kwamba nimetapika kidogo. Mimi nilikuwa nangoja magari.

Tulipofika, nikamwambia: "Hii ni yangu. Waambie."

"Nitabaambia," akasema, akaingia. Sikumsikia akiambia mtu chochote. Nilimwona tu anachagua gari jekundu, anakunja miguu yake mirefu ndani, na dakika chache baadaye anatoka anahema, jasho linatiririka, macho yanang'aa kama ya mtoto wa Krismasi.

"Dada! Hii njo mambo!"

"Nimegonga mtu?"

"Mutoto moja wa shule. Ulimupiga! Paf! Alikasirika mubaya!"

Hapo ndipo damu ilinipanda. Kule kugonga kulikuwa kwangu. Huyu mtu alikuwa amekula biskuti zangu za miaka yote na sikusema neno, lakini kule kugonga kulikuwa kwangu.

"Turudi tena," akasema, tayari ananisukuma kuelekea mbele ya mstari, "samahani, samahani, mgonjwa." Akaniegesha kando ya geti la mabomba, akakimbilia gari lake jekundu kabla wanafunzi hawajalichukua.

Geti lile lilikuwa na upana wa mtu mmoja mwenye adabu. Nililipima kwa macho, nikashika magurudumu, nikayasukuma mara mbili kwa nguvu zangu zote, nikajichomeka katikati. Vyuma vikalia pande zote mbili. Nikakaza breki.

Mwenye mashine, kijana mwenye filimbi mdomoni na kofia iliyogeuzwa nyuma, akaja. Geti likiwa wazi hawezi kuwasha umeme. Hilo nilikuwa nimelitazama mapema.

"Nyabo, rudi nyuma," akasema, yaani bibi.

"Kimekwama, sebo," nikamjibu, yaani bwana.

"Imekwama namna gani? Saa hii ilikuwa nje!"

"Ndiyo hivyo. Vyuma."

Akavuta. Breki zangu ni kitu pekee kwenye kigari hiki ambacho hakijawahi kuharibika. Nyuma yangu mstari ukaanza kuchemka. Ndani, madereva wote wamekaa kwenye magari yao yaliyokufa, wanapiga usukani.

"Nani amefunga njia?" mmoja akapiga kelele.

"Ni Kongo! Kongo imefunga mpaka!" mwingine akajibu, maana Kiswahili chetu alikuwa amekisikia.

Watu wakacheka, nami nikacheka, lilikuwa neno zuri. Kijana wa mashine hakucheka. Akanionyesha ubao kwa filimbi. "Umeona picha? Wewe hapana panda."

"Nimeona. Inasema nisipande. Haisemi nisikae getini."

"Dada!" Mwenyekiti alikuwa amesimama ndani ya gari jekundu. "Unatuhaibisha mbele ya batu!"

"Papa mwenyekiti, wewe endelea. Mimi nakuwakilisha kwenye mstari."

Kijana akabadilisha sauti, akainama karibu yangu. "Nyabo, sikia. Ni usalama yako. Ukianguka?"

"Nianguke nikiwa nimekaa? Sebo, kukaa ndiyo kazi yangu tangu utoto. Hao wengine ndio wanaokaa kwa kujaribu."

"Na miguu? Ile gari inataka mguu ya kukanyaga."

"Miguu ninayo," nikasema. "Ile pale, kwenye gari jekundu. Ndiyo inayoniwakilisha."

Mstari mzima ukageuka kumwangalia mwenyekiti na fulana yake juu ya koti. Wanafunzi wakaanza kupiga makofi, si kwa kunipenda, walitaka zamu yao. "Mwache aingie! Tunachelewa! Mwache!" Kijana akaangalia upande wa ofisi, akaniangalia mimi, akaangalia upande wa ofisi tena.

"Mara moja tu. Bosi akija, mimi sikukuona."

Breki zikafunguka kwa muujiza. Nikaviringika mpaka gari jekundu, nikajinyanyua kwa mikono, nikajitupa ndani. Mwenyekiti alitaka kunibeba ili mama wa kamera aone. Nikamwambia asogee tu. Usukani ulikuwa wa plastiki, umechakaa, una utelezi wa mikono ya watu. Sitauelezea zaidi.

"Kanyaga," nikamwambia.

Kijana akakivuta kigari changu nje, akafunga geti, umeme ukaja. Tukaruka mbele. Nikakata kona kuelekea kundi la masweta, na nilipobakisha kama hatua mbili kuwafikia, gari likafa. Mwenyekiti alikuwa ameinua mguu.

"Polepole, dada. Hawa ni batoto ba benyewe."

Tukagongwa kutoka nyuma. Nikageuza, nikamlenga mwingine, mguu ukainuka tena. Tukagongwa ubavuni. Kumbe hata ndani ya gari la kugongana, mwenye mguu ndiye anayeamua.

"Kanyaga!"

"Naangalia usalama yako!"

"Uliponiwakilisha hukuangalia!"

Mguu ukabaki juu. Basi nikashika usukani kwa mkono mmoja, na kiwiko cha mkono wa pili nikakipanda juu ya goti lake, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Watu husahau kwamba mikono hii, kila wasukumaji waliponiacha njiani, imesukuma magurudumu kwenye vumbi la Nakivale tangu nikiwa mdogo. Goti lilishuka. Mguu ulishuka na goti. Gari likanguruma, mwenyekiti akaita jina la Bwana, nikampiga kijana mmoja mrefu wa sweta la bluu katikati ya ubavu, paf, mpaka kichwa chake kikayumba.

Akageuka na hasira safi usoni. Kisha akaniona mimi ni nani, yule wa getini, na nikaona ile hasira inaanza kukunjwa, nyusi zinapanda, mdomo unalainika. Ninaijua sura hiyo, naamka nayo kila siku. Sikuingoja imalizike. Nikazungusha usukani hadi mwisho, gari likageuka mahali pale pale, nikampiga tena mbele, kwa nguvu kuliko mara ya kwanza.

"Wewe Mkongomani!" akapiga kelele. "Unanitafuta mimi? Ngoja!"

Akarudi mbali mpaka ukutani ili apate nafasi ya kuja kwa kasi.

"Yesu wangu," mwenyekiti akasema. "Dada, kata kona. Anakuja. Kata kona!"

Sikukata. Niliweka pua ya gari letu usawa na lake, kiwiko kwenye goti. Alikuja ameinama juu ya usukani, meno nje, akatugonga katikati kabisa. Meno yangu yakagongana, kofia ya mwenyekiti ikaruka nje ya gari, na yule kijana, bila hata kuangalia kama nimeumia, akaanza kurudi nyuma kutafuta nafasi ya kunigonga tena.