Fulana za Theluji za Mama Indu

Mama Indu hakupata kupanda baiskeli hata siku moja, na theluji aliijua ile ya kituo cha basi cha mtaani kwake, Stechford, tu, inayogeuka tope jeusi kabla watu hawajafika kazini. Lakini ukimwona mtu anateremka milima ya Wales kwa baiskeli, matope mpaka kwenye meno, au anateleza Ufaransa na vibao vyake miguuni, na ndani ya koti ana fulana ya sufu laini isiyowasha, huenda mshono wa begani ulipita chini ya kidole gumba cha Mama Indu.

Alizaliwa Kisumu, binti wa fundi cherehani wa Kihindi, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha haraka, kisicho na subira. Karakana alikoshonea fulana, huko ughaibuni, ilikuwa nyuma ya duka la mazulia, karibu na stesheni. Mwenye karakana, Gurvinder, kijana wa mtaa wa Great Barr ambaye mama yake alitoka Nakuru, alimwita Auntie na kumwogopa kama mama mkwe.

Rosalie alipofika kutoka Bukavu na kuwekwa kwenye majaribio ya kazi, neno la kwanza aliloambiwa na Mama Indu lilikuwa: "Nusa."

Mama alikuwa ameinua mkono. Chini ya sari alivaa fulana ya kijivu ya mikono mirefu.

"Mama, hapana!"

"Nusa, mwanangu. Nimeivaa tangu Jumatatu. Nimepika dengu nayo, nimekimbiza basi nayo."

Rosalie akasogeza pua, macho kayafumba. Hakusikia harufu yoyote.

"Hiyo ndiyo sufu ya kondoo wa merino," Mama Indu akasema. "Manyoya ya kondoo huyo ni membamba kuliko nywele zako. Jasho linatoka, joto linabaki. Ingekuwa nailoni, sasa hivi tungekuwa tumekimbilia barabarani."

Rosalie alikuwa amedhani Wazungu wana wazimu, kuvaa sufu ili watoke jasho. Siku hiyo aliacha kucheka. Akaanza kumtazama mama huyu kwa makini. Mteja akija, Mama Indu alimwinamisha juu ya meza kama ameshika usukani wa baiskeli, kisha akapitisha kidole mgongoni kuona fulana inapanda mpaka wapi. Mshono ukiwa na tuta, hata uwe wake mwenyewe, aliufumua bila kugombana na mtu. "Mtu atakaa na tuta hili kutwa nzima," alisema, "na hawezi kujikuna, mikono ina kazi."

Ikaja kazi ya fulana za kijivu za kikundi cha wauguzi wa mtaa wa Harborne waliokuwa wanasafiri Jumamosi kwenda kwenye theluji. Majaribio ya Rosalie yalikuwa yanaisha Ijumaa, na Gurvinder alishasema wazi: kosa moja kubwa, kwaheri. Nyumbani Rosalie alikuwa na watoto wawili, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Alhamisi Mama Indu aliitwa kwenye simu. Akapaza sauti akiwa anatembea: "Rosalie, mpira umezidi! Kata vidole vinne kwa kila moja, halafu shona pindo."

Aliporudi, fulana zote zilikuwa fupi. Lastiki za kubana pindo zilikuwa mezani, ndefu vilevile.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimekata mupira, Mama. Vile ulisema."

"Mpira ni huu!" Mama akainua lastiki.

"Huo?" Rosalie akashika kichwa. "Mon Dieu. Kwetu mupira ni nguo. Sweta. Hii hii."

Gurvinder akatokea mlangoni, akaona vipande vya kijivu sakafuni. Uso ukamwiva.

"Nani amefanya hii?"

Rosalie akafungua mdomo. Mama Indu akamtangulia. "Gurvinder, kwanza niletee mpira."

"Auntie, seriously? Sasa?"

"Lete mpira, nimesema!"

Akatoka akinung'unika. Walisikia buti ya gari ikifunguliwa na kufungwa. Akarudi na mpira wa miguu kwapani, una tope la mechi ya Jumapili.

Mama Indu akaucheka mpaka akakaa. "Mimi nilisema mpira, lastiki. Yeye akasikia mpira, sweta. Wewe umeleta hilo dude. Sasa niambie nani afukuzwe. Kama ni wa kwanza kusema mpira, ni mimi."

Gurvinder aliutazama mpira, akamtazama Rosalie, akashindwa kujizuia kucheka. Lakini hakulainika kabisa. "Na Jumamosi je, Auntie? Sufu ya kijivu imeisha."

"Ya rangi ya chungwa ipo. Tutaongeza kipande chini, kirefu zaidi mgongoni. Wakiinama, baridi isiingie." Mama Indu akachukua mkasi na kumwekea Rosalie mkononi, mbele ya tajiri wao. "Atakata yeye."

Rosalie akatandaza sufu ya chungwa mezani. Mama Indu hakumsimamia begani. Alirudi kwenye cherehani yake, akatia uzi wa chungwa, akauinamia mshono wake kana kwamba kazi ya nyuma yake ilikuwa mikononi mwa fundi wa miaka mingi.

Vipande vilipofika kwake alivipitishia kidole gumba, akashona. Gurvinder alivaa ya kwanza, akainama juu ya meza. Mgongo haukuonekana.

"Fine," akasema, bado ameinama. "Rosalie, Jumatatu usichelewe."